Kamba Sita za Mbwa wa Mwaloni

Ko, ko, ko-ko. Mpaka leo nikisikia mti mkavu ukigongana na mti mkavu, hata kama ni jirani anapanga kuni zake, kichwa changu kinageuka chenyewe. Hiyo ilikuwa sauti ya mbwa wa babu. Kwetu, katika milima ya Kivu ya Kusini, mbwa wa kuwinda habweki ovyo, kwa hiyo wawindaji humfunga shingoni kengele ya mti, iliyochimbwa ndani kama kikombe, yenye vijiti viwili vya kugonga. Mbwa akiingia porini humwoni, lakini unamsikia. Ko, ko, yuko kwenye mteremko. Ko-ko-ko-ko, ameona kitu. Na kama babu hakutaka wanyama wamsikie mapema, aliijaza kengele majani, ikanyamaza.

Siku tuliyokimbia, babu aliijaza kengele majani. Nilikuwa na miaka saba. Tuliteremka mlima na mbwa katikati yetu, kimya, kama vile na yeye ameelewa. Ufukweni mwa lile ziwa kubwa, mwenye mashua akasema anapakia watu tu. Babu hakubishana. Tukapanda. Mashua ilipoanza kuondoka, mbwa akakimbia kando ya maji kutufuata, majani yakadondoka, na kengele ikaanza: ko, ko, ko-ko-ko. Tuliendelea kumsikia muda mrefu baada ya kuacha kumwona.

Nimeanza na huzuni, na mimi si mtu wa huzuni. Nyumbani wanasema ninacheka hata kwenye foleni ya maji. Shule niliishia darasa la saba, lakini ndoto sikuishia popote; ndoto zangu ni nyingi kuliko nguo zangu. Moja nimeibeba tangu utoto: kuwa na uwanja wenye geti la buluu, na ndani yake mbwa wote wasio na mtu, wamelala juani, wameshiba. Nikimweleza shangazi yangu, ambaye sisi wote tunamwita tantine, anauliza, "Na mwanaume atapita wapi kuja kukuoa, kama mulango yote imejaa imbwa?"

Naishi kwa tantine hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, upande wa ziwa. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Jina lake ndilo la kwanza kwenye karatasi ya familia, ile yenye namba yetu ya kupokelea chakula, na chini yake tumeandikwa wengine watano. Kazi yetu ni samaki. Asubuhi tunashuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofika, tunanunua kambale, tunawapasua, tunawakausha kwa moshi. Na pale tunapopasua samaki ndipo mbwa wanapokaa.

Walikuwa sita. Hawakuwa na majina, na mimi sikuwapa, kwa sababu ukimpa mbwa jina unaanza kumlilia kabla hajafa. Kulikuwa na mama mmoja mwenye madoadoa na watoto wake wawili waliokwisha kuwa wakubwa. Kulikuwa na mweusi mwenye sikio moja na nusu. Kulikuwa na mzee mmoja mweupe, mchafu, aliyelala katikati ya njia kama mwenye mji. Na kulikuwa na wa sita. Huyo alikuwa mwekundu, mwembamba, mwenye miguu myeupe na mkia uliojikunja, na alikaa mbali, karibu na mafunjo, akisubiri wenzake wamalize. Hakubweka. Mara ya kwanza kumwona nilidondosha kisu, kwa jinsi alivyofanana na mbwa wa babu.

Watu waliwatupia mawe. Mimi niliwatupia matumbo ya samaki. Kila mtu na mkono wake.

Basi wiki moja, siku ya Jumatatu, alipita mtu kwenye bodaboda na kipaza sauti. Alitangaza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinyarwanda. Mtoto ameumwa na mbwa mwenye kichaa katika kijiji kingine. Siku ya Alhamisi daktari wa mifugo atakuja kwenye uwanja wa mpira, karibu na kanisa, na Ijumaa atakuwa Juru, upande mwingine wa kambi. Sindano ni bure. Kila mbwa aje na kamba shingoni na mtu wa kumshika, aandikwe. Baada ya Ijumaa, mbwa asiye na kamba na asiye na mwenyewe ataondolewa.

Kuondolewa tunakujua. Ni nyama yenye sumu, inayowekwa njiani asubuhi mapema.

Ungefikiri watu wangekimbilia kamba. Hapana. Kwenye bomba la maji, jioni ile ile, nilikuta kikao kizima cha wamama na madumu yao.

"Kuandikwa?" alisema mmoja. "Mimi siandikwe tena kwa kitu yoyote."

"Balisema vile vile mwaka ile ya vidole," mwingine akadakia. "Tuliweka vidole kwa mashini, tukafurahi, kisha chakula ikapunguka."

"Sasa wanataka kujua nani iko na imbwa," wa tatu akasema. "Wewe unaona imbwa, mwenye kuandika anaona chakula yenye kubakia. Atasema, kama mutu analisha imbwa, huyu amejitegemea. Kata huyu!"

Wote wakaitikia eeeh, kama kanisani.

Usicheke. Mtu ambaye hajaishi kwa karatasi anaweza kucheka. Sisi kila tulichopata hapa, tulikipata kwa kuandikwa, na kila kilichopungua, kilipungua kwa kuandikwa. Kwa hiyo watu waliokuwa na mbwa majumbani, mbwa wa kulinda mbuzi, mbwa wa watoto, walianza usiku ule kuwakana. Kama wenye mbwa waliwakana wa kwao, nani angesimama kwa sita wa mwaloni?

Nikamwambia tantine, "Mimi nitawapeleka."

Akaacha kugeuza samaki. "Kwa jina ya nani?"

"Langu."

"Jina yako iko kwenye karatasi ya nani?"

Karatasi ilikuwa yake. Kama wamama wa bombani walisema kweli, kinywa changu kingewanyima chakula watu sita ili mbwa sita waishi, na wadogo zangu wawili wako kwenye hiyo hesabu. Tantine si mkali. Aliniangalia tu, akarudia kugeuza samaki.

Jumanne ilikuwa zamu yetu kupeleka samaki mjini Mbarara. Tulipomaliza kuwagawia wateja wetu wa sokoni, tantine akakaa kunywa chai, nami nikaomba ruhusa ya kutafuta uzi. Uzi sikuutafuta. Mbarara ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na maduka ya dawa za mifugo yamejipanga kama makanisa. Nikaingia dogo kuliko yote. Muuzaji alikuwa dada wa Kinyankole, mwenye koti jeupe na kalamu masikioni, moja kila upande.

"Nyabo," akaniita kwa heshima, "ng'ombe yako nasumbuliwa na nini?"

"Sina ng'ombe. Niko na mbwa."

"Ngapi?"

"Sita."

"Sita! Wewe iko na shamba kubwa?"

"Sina shamba." Nikafikiri kidogo. "Na kusema kweli, mbwa pia sina."

Akanitazama, akanisogezea kiti. Nikamweleza yote, sindano, kamba, karatasi, chakula. Hakunicheka. Alitoa kitabu chini ya meza, kile wanachoandikia sindano za mbwa wa mjini, akakifungua mbele yangu. Nikasoma kwa kidole: rangi ya mbwa, dume au jike, umri, jina la mwenyewe, kijiji, tarehe.

"Iko wapi fasi ya namba ya familia?" nikauliza.

"Hakuna."

"Idadi ya watu?"

"Hii kitabu ni ya wanyama," alisema. "Watu hapana ingia. Daktari anaandika, anapeleka kwa ofisi ya mifugo, basi. Ile ya chakula ni watu ingine kabisa, hawajuani hata."

Kisha akachana kadi moja iliyomwagikiwa wino, akanipa. "Hii imeharibika. Onyesha watu yako, bambi," akasema kwa huruma.

Nilirudi Nakivale na ile kadi kifuani kama barua ya mchumba. Jumatano asubuhi nikaenda nayo bombani. Wamama wakaipokea, wakaigeuza, wakaiinua juani.

"Kweli, namba haiko," mmoja akasema.

Nikaanza kutabasamu.

"Hapa mbele haiko," aliendelea. "Nyuma banaandika wenyewe, kule kwao, ukishaenda."

Eeeh, wakaitikia.

Hapo nikajua kadi haitasaidia. Watu wetu hawaamini karatasi mpaka waone mtu ameishika na hajaungua. Ilibidi mmoja atangulie, na nikiangalia kulia na kushoto, nilijiona mimi tu, na mdomo wangu wa kucheka.

Nilishuka mwaloni kutafuta kamba. Yuko mzee mmoja pale, tunamwita papa, mvuvi wa zamani ambaye sasa macho yake yamechoka na kazi yake ni kushona nyavu za wengine. Nikamkuta amekaa kwenye rundo la nyavu mbovu.

"Papa, naomba kipande."

"Cha kuvua nini, madmazeli?"

"Mbwa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nimevua mambo mingi katika maisha yangu, lakini imbwa! Chukua. Ile ya kijani ni nguvu. Ya nyeupe inaoza."

Nikasuka hapo hapo, mbele yake, kama ninavyosuka nywele za wadogo zangu, nyuzi tatu tatu. Alinionyesha fundo la wavuvi ambalo halikazi shingo hata mbwa akivuta. Kabla jua halijawa kali nilikuwa na kamba sita za kijani begani. Kisha nikawaita kwa matumbo ya samaki. Mama madoadoa alinyoosha shingo kama bibi harusi. Watoto wake walitafuna kamba. Sikio-na-nusu aliniburuta hatua tano kwenye matope, papa akipiga makofi. Mzee mweupe hakuamka hata. Nilimfunga akiwa amelala. Wa sita alitazama yote hayo kutoka kwenye mafunjo, na nilipopiga hatua moja kumwelekea, hakuwepo.

Alhamisi asubuhi tantine alinikuta mlangoni nikiwa na mbwa watano na kamba tano. Ya sita ilikuwa mfukoni.

"Ukiulizwa jina, sema yako," aliniambia taratibu. "Wakikuuliza namba ya karatasi, nyamaza, rudi nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia, tantine."

"Na usicheke-cheke."

Uwanja wa mpira ulijaa watu, lakini karibu na meza ya daktari hapakuwa na mtu. Watu wote walisimama pembeni, mbali, kama waliokuja kutazama mechi. Na mbwa wao waliwafuata! Hiyo sitaisahau. Kila mtu alikuwa na mbwa miguuni anayemfukuza kwa kunong'ona. "Toka! Mimi sikujui." Mbwa anapunga mkia. Baba mmoja, mwenye mbwa mkubwa wa manjano ambaye kijiji kizima kinamjua, alisema kwa sauti, "Imbwa hii inanifuataka bure tu," na mbwa akakaa juu ya kiatu chake.

Nikapita katikati ya uwanja na watano wangu. Nilisikia watu wakisema, "Angalia mama wa imbwa," na kicheko.

Daktari alikuwa kijana mwenye jasho. "Mwenye mbwa ni nani?"

"Mimi."

"Wote?"

"Wote."

Watu wa pembeni wakasogea. Nilijua wanasikiliza nini. Wote, na tantine aliyekuwa amenifuata mpaka pale nyuma, walisubiri aulize namba. Daktari akafungua kitabu.

"Rangi?"

"Madoadoa."

"Jike?"

"Jike."

"Jina lako?"

Nikalitaja. Lilitoka dogo, kama la mtu mwingine.

"Kijiji?"

Nikakitaja. Akaandika. Nikashika kamba mpaka vidole vikauma, nikisubiri. Akachukua sindano, akamchoma mama madoadoa begani, akanipa kadi, akasema, "Mwingine."

Nikasimama tu.

"Dada, mwingine! Lete yule mweusi."

"Hauniulizi kitu kingine?"

"Nikuulize nini? Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Basi."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke, nadhani yule wa bombani. "Ndio hivyo tu?" Na mwingine, "Hakuuliza namba. Mimi nilisikia. Hakuuliza!" Kabla sijamvuta sikio-na-nusu mezani, mkono ukanishika begani. Tantine. Alichukua kamba ya mzee mweupe, akamwambia daktari, "Huyu andika kwa jina yangu. Mutoto hawezi kubeba yote peke yake." Kisha akataja jina lake lote, lile la kwenye karatasi, kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani.

Baada ya hapo ilikuwa fujo ya furaha. Watu walikimbia kutafuta kamba. Waliokosa walifungua mikanda na vitenge. Yule baba wa mbwa wa manjano alimwita mbwa wake kwa jina, na jina lilikuwa refu na la heshima, jina ambalo humpi mbwa asiyekuwa wako. Watu wakamzomea mpaka na yeye akacheka. Daktari alimaliza dawa aliyokuja nayo na akatuma bodaboda ikalete nyingine.

Nilikusanya kadi zangu nne, na ya tantine ya tano. Nikamwuliza daktari kuhusu wa sita.

"Kesho Juru, kabla ya saa sita," alisema. "Kesho kutwa wale wengine wanaanza kazi yao." Hakutaja kazi gani.

Alasiri nzima nilimfuata yule mwekundu kwenye mafunjo. Nilimpelekea ini la samaki, vichwa, hata ugali wenye mafuta. Alikula nilipoondoka. Nikimkaribia, anayeyuka. Papa mvuvi akaniambia, "Yule alipigwa sana. Ukimkimbilia anaona jiwe, hata kama mkono wako hauna kitu." Nikarudi nyumbani bila kucheka, na tantine, alipoona sicheki, akaniongezea maharage.

Wakati wa kula ndipo nilipomkumbuka babu. Babu alifika nasi mpaka hapa, akafa mwaka wetu wa tatu, na siku zake za mwisho alipenda kunieleza mambo ya kuwinda, mimi mtoto wa kike, kwa sababu wajukuu wa kiume walikuwa mpirani. Alisema mbwa wa porini haitwi kwa uso. Ukimtazama, anaona unamwinda na yeye. Unamgeuzia mgongo, unakaa chini, unagonga mti kwa mti, taratibu, ili ajue uko wapi. Halafu unamwachia yeye uamuzi.

Ijumaa kulipopambazuka nilikuwa mwaloni. Mitumbwi ilikuwa bado. Niliokota vijiti viwili vya mti mgumu, mabaki ya ubavu wa mtumbwi uliovunjika, nikakaa chini nimeyapa mafunjo mgongo, nikatazama maji. Ko. Ko. Nikangoja. Ko, ko.

Sijui ni muda gani. Miguu ilikufa ganzi. Mtumbwi wa kwanza ulionekana, nikaupungia mkono usipige kelele. Ko, ko. Kisha nikasikia pumzi. Pua yenye baridi ikagusa kiwiko changu, ikaondoka, ikarudi. Sikugeuka. Niliendelea kugonga kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikatoa kamba mfukoni, polepole, nikaiweka gotini ainuse. Ilinuka samaki. Akailamba. Nilipopitisha kitanzi shingoni mwake nilikuwa nimefumba macho, kama mtu anayesali, na labda nilikuwa nasali.

Mpaka Juru tulitembea. Papa alinipa baiskeli, lakini mbwa aliiogopa, nikairudisha. Tulipita katikati ya mashamba ya maharage, yeye akivuta, kisha mimi nikivuta, kisha hakuna aliyevuta. Tulifika foleni ikiwa ndefu. Habari ya kwamba namba haiulizwi ilikuwa imetutangulia. Daktari akanitambua.

"Huyu ndiye wa sita?"

"Ndiye."

"Mwenyewe?"

"Mimi," nikasema, na safari hii jina langu lilitoka lote.

Mwezi uliofuata chakula kilikuja kama kilivyokuwa. Tantine alihesabu mara mbili, kisha akasema, "Sasa hilo geti lako la buluu, litaelekea barabarani ama ziwani?"

Lakini ile Ijumaa, kabla ya hayo yote, tulirudi mwaloni jioni, mimi na yeye, jua likiwa bado juu kidogo. Watu walikuwa wamekwenda nyumbani na samaki wao. Nilikuwa na vile vijiti viwili mfukoni bado. Nikavitoboa kwa ncha ya kisu cha samaki, nikavipitisha uzi wa wavu, nikavifunga kwenye kamba yake ya kijani, chini ya kidevu, vigongane akitembea. Nikachuma majani ya mafunjo ya kuvizibia sauti, kama babu siku ile tuliyokimbia. Nikayaangalia. Nikayatupa majini, nikakata ncha ndefu ya kamba niliyomshikia, nikamwachia.